Pole tatu za Kituruki, na ile niliyoikosea mimi

Kuna jamaa mmoja pale Laleli, Istanbul, alifiwa na babake, na mimi mtu mzima na akili zangu nikamwambia "ugua pole". Mbele ya wateja. Na vile nilikuwa nimejiamini sasa, maana neno lenyewe nililikariri kwenye ndege tangu Entebbe.

Ngoja nianze mbali kidogo. Mi nauza nguo za kike kwenye akedi, yale majengo ya maduka, hapa mjini Kampala, magauni, jinzi, blauzi za ofisini, na mzigo mwingi natoa Uturuki, naenda mara mbili kwa mwaka, biashara ikinichekea mara tatu. Laleli ni mtaa wa jumla, ukishuka kwenye tramu ni maduka tu mpaka chini ya ardhi, na wauzaji wa pale Kirusi wanakimwaga kama maji kwa sababu watu wa zilizokuwa nchi za Kisovieti ndio waliujaza huo mtaa miaka ya 1990, Kiarabu nacho kipo, Kiingereza ni cha kutaja bei na saizi basi. Safari ya kwanza nilibonyeza kikokotoo mpaka kidole kikauma. Safari ya pili nikasema hapana, najifunza. Darasani sikwenda, nimejifunza kwa masikio na kwa kuuliza maswali ya kijinga, naandika nyuma ya daftari la mzigo, kwa hiyo kama kuna mwalimu wa Kituruki anasoma hapa anivumilie.

Na nimeamua kuandika sababu mdogo wangu yuko nyumbani Malaba, na tangu serikali isaini na Yapı Merkezi, kampuni ya Kituruki, mwezi wa 10 mwaka 2024 kujenga ile reli ya SGR, kilomita 272 kutoka Malaba mpaka Kampala (ni haohao waliojenga ya Dar mpaka Morogoro), kila wiki ananitumia meseji, dada nifundishe Kituruki nikatafute kazi. Sasa badala ya kumrekodia voisi ishirini naandika hapa mara moja asome, na nyie msome.

Tuanze na pole.

Sisi pole inafanya kazi zote. Mtu kajikwaa, pole. Kafiwa, pole. Anachimba mtaro, pole na kazi. Katoka Arua kwa basi usiku kucha, pole na safari. Neno ni hilohilo, unabadilisha sauti na sura tu, kwenye msiba unaishusha, kwa aliyejikwaa unaivuta pooole. Sasa mi safari ya pili nilifika Istanbul na mafua mabaya, nachuruzika pua kila duka, na kila mtu ananiambia "geçmiş olsun, abla, geçmiş olsun" (abla ni dada). Nikajiambia aha, hii ndiyo pole yao, nimeipata. Nikaandika kwenye daftari: pole = geçmiş olsun. Hapo ndipo nilipopotea.

Siku hiyohiyo nikapishana na kijana kabeba bunda la nguo mgongoni kubwa kuliko yeye, mi na heshima zangu nikamwambia geçmiş olsun. Akasimama. Akajiangalia mguu, akajiangalia mkono, kama anatafuta anatoka damu wapi. Sikuelewa, nikaendelea na safari yangu. Safari iliyofuata ndio nikaenda kwa yule jamaa wa magauni, nikaambiwa mzee wake kafariki wiki mbili zilizopita, nikamshika mkono, nikamwangalia machoni, nikasema geçmiş olsun. Alinijibu "sağ ol abla", asante dada, kwa upole kabisa, lakini duka lilinyamaza. Kijana wa chai ndiye aliyenivuta pembeni kule chini stoo akaniambia abla, hiyo tunamwambia mgonjwa.

Ukiifungua hiyo sentensi unaona kwa nini ni aibu. Geç ni kupita. Geçmiş ni iliyopita. Ol ni kuwa, olsun ni iwe. Kwa hiyo geçmiş olsun ni "iwe imepita", na sisi Waswahili hatuna haja ya kuelezwa hapo maana "iwe imepita" ni sarufi yetu kabisa, vitenzi viwili vinafuatana, kimoja cha kutakia kimoja cha kilichokamilika. Ugonjwa uwe umepita, ajali iwe imepita, hata mtihani mgumu au foleni ya uhamiaji wanasema. Lakini baba wa mtu? Unamwambia mtu baba yake awe amepita kama mafua? Eeh.

Msibani wanasema başınız sağ olsun. Baş ni kichwa, başınız ni kichwa chenu, sağ ni hai, mzima, olsun ileile. Kichwa chenu kiwe kizima. Yaani haimzungumzii marehemu, inamzungumzia aliyebaki, na mi naona hapo wametuzidi kidogo, sababu sisi pole yetu inaomboleza na mtu lakini haimwombei abaki salama. Marehemu ana yake, Allah rahmet eylesin, Mungu amrehemu, na mtu wa Kiswahili hiyo rahmet ataitambua hata gizani. Ukiambiwa başınız sağ olsun unajibu dostlar sağ olsun, marafiki wawe wazima, au sağ olun tu.

Na pole na kazi ni kolay gelsin. Kolay rahisi, gel njoo, gelsin ije. Ije rahisi. Hii ndio nilitakiwa kumwambia yule kijana wa bunda. Unampita mtu anafagia barabara, kolay gelsin. Unaingia ofisi mtu anapiga chapa, kolay gelsin. Unamaliza kuongea na mtu kwenye simu na unajua yuko kazini, kolay gelsin. Kuna na wachekeshaji wanajibu kolaysa başına gelsin, kama ni rahisi basi ikujie wewe kichwani, lakini hiyo usiianze wewe mgeni.

Sasa Mganda yeyote anayesoma hapa ameshacheka, maana hii kitu tunayo. Gyebale ko! Unampita mtu shambani njia ya Masaka, humjui hakujui, gyebale ko ssebo, naye anaitikia, na ukipita kimya we ndio huna adabu. Webale kufumba unamwambia aliyepika, na yeye anakujibu webale kulya, asante kwa kula, kitu ambacho nikiwaeleza watu wa Mombasa wanadhani natania. Waturuki wanacho kilekile! Ukishiba unamwambia mpishi eline sağlık, el ni mkono, elin mkono wako, eline kwa mkono wako, sağlık uzima, yaani mkono wako upate uzima. Akiwa mkubwa au mgeni kwako unasema ellerinize sağlık, mikono yenu, ona ilivyopangana: el, ler ya wingi, iniz ya -enu, e ya kupelekea. Kama muchomo kwenye kijiti, kipande baada ya kipande. Na mpishi anakujibu afiyet olsun, ambayo afiyet ni afya yetu hii hii ya Wizara ya Afya. Iwe afya. Hiyo wanaisema kabla ya kula, katikati na baada, hata mtu asiyekujua akikupita unatafuna simit, ule mkate wao wa duara, barabarani anakutupia, afiyet olsun. Tabia tulikuwa nayo tayari. Tulichokosa ni kiambishi tu.

Kiambishi chenyewe ni hiki -sin. Mdogo wangu, shika hapa, mengine yote utayaokota. Kituruki hakina ngeli, asante Mungu. Kichwa kiwe, kazi iwe, afya iwe, maisha yawe, mtoto awe, kwao yote ni olsun. Sisi tunaweka mbele na kubadilisha -e nyuma, wao wanapachika -sin nyuma ya kitenzi na kazi imekwisha. Ver ni toa, versin atoe. Ukikataa unaingiza -me au -ma katikati, olmasın isiwe, nazar değmesin kijicho kisimguse, hiyo utaisikia ukimsifia mtu mtoto wake mnene mzuri.

Ila utauliza kwa nini mara -sin mara -sun. Ni irabu. Irabu ya mwisho ya kitenzi ikiwa e au i unapata -sin, ikiwa a au ı (hiyo i isiyo na nukta, inatoka kooni kama mtu kakaliwa tumboni) unapata -sın, o na u zinaleta -sun, ö na ü zinaleta -sün. Watu wanalalamika eti ngumu. Jamani, na sisi je? Pika pikia, lipa lipia, uza uzia, lakini soma somea, leta letea. Nani alikaa chini akakufundisha hiyo? Mdomo unajiendea wenyewe. Wao ni hivyohivyo, sauti zinataka kufanana na jirani yake, ila wao wamezidisha.

Halafu kuna mtego mmoja ulinisumbua karibu safari nzima. Nasılsın ni "u hali gani", na ile -sın pale si hii ninayosema, ile ni ya "wewe". Moja inasema wewe uko, nyingine inasema na awe, zinafanana kama mapacha. Mi nazitofautisha kwa kuangalia imekaa wapi: ikikaa moja kwa moja kwenye shina la kitenzi ni dua, ikikaa kwenye nasıl au nyuma ya kiambishi cha wakati kama kwenye geliyorsun, unakuja, ni wewe. Si sheria ya kitabuni lakini haijanitupa bado.

Na vitenzi vyao vina kitu kama chetu cha kusababisha. Sisi kua, kuza. Wao büyü ni kua, büyüt ni kuza. Mtu akijifungua wanasema Allah analı babalı büyütsün, Mungu amkuze akiwa na mama na baba. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama pale na magauni mkononi nikasahau bei. Kavuş ni kukutana tena na mtu mliyetengana, kavuştur ni kukutanisha, na Allah kavuştursun unamwambia mama ambaye mwanawe kaenda jeshini au yuko nchi ya mbali. Mimi waliniambia siku nilipoonyesha picha za watoto wangu kwenye simu. Nilikuwa nimezoea safari bila kuwaza sana, lakini hiyo siku usiku nilipiga simu nyumbani nikaongea mpaka bando likakata.

Tuje kwenye biashara maana ndio shule yangu.

Ukipita mbele ya duka utasikia buyurun. Kila duka, buyurun buyurun buyurun, ni karibu lakini yenyewe ina maana ya "amrisheni". Buyur ni amuru, -un ya heshima. Wanakupa chai, buyurun. Umesimama kwenye kaunta unasubiri, buyurun, yaani nikusaidie nini. Mmegongana mlangoni, buyurun, tangulia. Ukiingia wanakwambia hoş geldiniz, mmekuja vizuri, na jibu si asante, jibu ni hoş bulduk, tumekuta vizuri. Hata uko peke yako unasema tumekuta, bulduk, ile k ya mwisho ndio "sisi". Mi napenda hilo jibu. Karibu yetu mtu anaitikia asante basi, hii unamrudishia mwenyeji sifa ya nyumba yake.

Ukilipa, muuzaji anaposhika pesa anasema bereket versin. Baraka, na versin ile -sin yetu, (Mungu) atoe baraka. Na we mnunuzi unajibu bereketini gör, uione baraka yake. Hapo ndipo nilipoanza kuheshimiwa, nakwambia, siku ya kwanza niliyojibu hivyo yule muuzaji alimwita na mwenzake wa duka la pili aje asikie. Ukiwa mteja wa kwanza asubuhi wanaita siftah, na hiyo hela ya siftah ina uzito wake, hawapendi uwavunjie bei sana lakini pia hawapendi uondoke bila kununua, kwa hiyo mi naenda mapema makusudi. Ukitoka unasema hayırlı işler, kazi za heri. Hayır ni heri. Balaa ni kwamba hayır pia ni "hapana", zinaandikwa sawasawa, na nilikaa wiki nzima nadhani wanakataa biashara zangu.

Mtu akinunua nguo wanamwambia güle güle giyin, vaa ukicheka ukicheka. Gül ni cheka, -e ni kama ile -ki- yetu ya ukienda ukirudi, na wanairudia mara mbili. Ndio hiyohiyo güle güle ya kwaheri, nenda ukicheka, lakini sasa sikiliza, anaisema anayebaki tu. Anayeondoka anasema hoşça kalın, bakini vizuri. Safari nzima ya kwanza nilikuwa natoka dukani mimi mwenyewe nawaambia wenye duka lao güle güle, yaani nawafukuza. Siku hizi hapa Kampala mteja wangu akinunua gauni namwambia livae ukicheka, wanapenda, wengine wanarudi kwa hiyo tu.

Kuhusu heshima. Kuna sen na siz, wewe na nyinyi, na mkubwa au mgeni unamwambia nyinyi hata kama yuko mmoja. Kwa Kiswahili hatuna sana hiyo, sisi tunabebesha shikamoo mzigo wote, ila Luganda inayo, huwezi kumwambia baba mkwe wasuze otya, umelalaje, ukabaki salama, ni mwasuze mutya, na webale inakuwa mwebale. Kwa hiyo Mganda akisikia siz hashangai. Ukiwa na mashaka tumia siz, wao wenyewe wakitaka watakushusha kwenye sen. Mimi kwa wengi ni abla, dada mkubwa, hata wanaume wenye mvi wananiita abla, na mi nawaita abi, kaka mkubwa. Wazee ni amca na teyze, baba mdogo na mama mdogo. Ukijua jina la mtu unaweka Bey au Hanım baada ya jina lake la kwanza, si mbele kama Bwana na Bi zetu, na la kwanza sababu majina ya ukoo kwao ni mageni, yaliletwa na sheria ya mwaka 1934.

Na ukimwita mtu anaitika efendim. Hiyo ndiyo wangi yao kabisa, ile Mganda anayoitika akiitwa, na kwenye simu pia, efendim? Efendi ni bwana, m ni wangu. Sasa sema efendi mara tatu harakaharaka. Afande! Huyu trafiki anayekusimamisha Jinja Road unamwita bwana kwa Kituruki na hujui. Neno lilipitia jeshi la Misri na Sudan, na wale askari wa Kisudani wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwaleta Uganda mwaka 1891, mababu wa Wanubi wa Bombo, walitoka kwenye jeshi lenye vyeo hivyohivyo vya Kituruki. Nilipomweleza yule kijana wa chai kwamba kwetu efendi anabeba bunduki na anataka leseni alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Maneno tunayofanana ni mengi kwa sababu wote tulikopa Uarabuni, ila kukopa pamoja si kutumia pamoja. Ne haber ni habari gani, neno kwa neno, vijana wanaikata wanasema naber. Hiyo ni raha. Lakini merhaba! Msichana wa miaka kumi na tisa anakuangalia anakwambia merhaba, na mi damu yangu ya Malaba inasema kwani nimemwamkia shikamoo mimi huyu mtoto? Kwao ni salamu tu ya mtu yeyote kwa yeyote. Misafir si msafiri, ni mgeni wa nyumbani. Özür ni udhuru wetu, na özür dilerim, naomba udhuru, ndio samahani yao ya kweli, usiichanganye na zile pole.

Na kubwa kuliko zote, estağfurullah. Kuna mzee mmoja ana duka la vifungo, nikamwambia kwa unyenyekevu mzee nisamehe Kituruki changu kibovu. Akaweka mkono kifuani akasema "estağfurullah!" Nilishtuka. Kwetu ukisikia mtu anasema astaghafirullahi jua umetoa tusi au umepita na sketi fupi. Nikaanza kurudia kichwani maneno yangu, nimesema nini, kifungo kwa Kituruki kina maana mbaya? Kumbe ndio adabu yenyewe. Mtu akijishusha, we unasema estağfurullah, yaani hapana bwana usijidharau. Ukimsifia mtu naye anaisema, yaani sistahili.

Neno lütfen, tafadhali, nilikuwa nalimwaga kama sukari kwenye chai, lütfen hii lütfen ile, mpaka muuzaji mmoja wa kike akaniambia abla unasikika kama umekasirika. Adabu yao iko kwenye kitenzi. Unauliza kwa ule wakati wa siku zote, ule wa -er, -ar au -ir, kisha mı inasimama peke yake na kubeba mtu. Gösterir misiniz, mnaonyesha? Ndio "naomba mnionyeshe" yao. Bakar mısınız, mnaangalia? Hiyo ya kumwita mhudumu, usimpigie mluzi wala usifanye ile tss tss ya Kampala. Na ya muhimu kuliko zote kwa mfanyabiashara, indirim yapar mısınız, mnafanya punguzo? Wakati huohuo ndio uko kwenye teşekkür ederim, ambayo ukiisikiliza ni nashukuru, si ninashukuru, na hiyo teşekkür imebeba shukrani ndani yake kama unaangalia vizuri, sh-k-r zote zipo.

Kusoma kwenyewe si kazi, wanatumia herufi za Kilatini tangu 1928, 29 tu. Ş ni sh, ç ni ch, ğ haisemwi inavuta irabu iliyoitangulia tu, na c, hii iangalie, c ni j. Rica ederim, karibu ya kujibu asante, unasoma rija.

Sasa yule jamaa wa magauni. Sikurudi kwake safari ile, niliona aibu, mzigo wangu nikamtuma kijana wa chai auchukue. Miezi sita ikapita. Safari iliyofuata nikaingia, hoş geldin abla, hoş bulduk, akaniletea kiti kama hakuna kilichotokea. Nikamwambia, polepole, Allah rahmet eylesin, babanıza. Akanyamaza kidogo. "Amin abla, sağ ol." Chai ikaja kwenye zile glasi ndogo zenye kiuno, tukanywa, halafu akaniuliza kwenu mnamwambiaje mtu aliye kazini. Nikawaza nimpe pole na kazi, lakini nikampa ile ya mjini kwangu. Gyebale ko. Akairudia mara nne tano, ulimi unagoma kwenye ile gy, kisha akachukua makapeni, ile kalamu nene, akaiandika kama alivyoisikia juu ya maboksi yangu yote kumi na moja yanayoenda kago.

Mzigo ulipofika Kampala vijana wa kubeba walisimama kwenye ngazi za akedi wanasoma boksi. CEBALE KO. "Nnyabo," mmoja akaniuliza, "huyu Chebaleko ni nani, mzigo si wako?"